Ushahidi Uliovuka Ziwa

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa mali huisha hivyo, roho za watu je? Historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika ina kisa kimoja cha mauaji ambacho kingalizama majini pamoja na waliouawa, lau si makaratasi machache yaliyofika Ujiji mwaka 1871 katika mizigo ya mtu mgonjwa. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa katika zama hizi, ambazo kijana wa Kigoma aweza kuinasa picha ya msiba kwa simu yake na kuipeleka nchi za mbali kabla msiba wenyewe haujakwisha.

Katika miaka hiyo Ujiji ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia iliyoanza Bagamoyo ilipita Tabora ikafika ziwani, na ng'ambo ya ziwa ikaendelea mpaka nchi ya Manyema na mji wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Wafanyabiashara wa pwani walikwenda huko kutafuta pembe na watumwa. Watu wengi wa asili ya Manyema waliletwa au walikuja Ujiji kwa njia hiyo, na wajukuu wao ni wenyeji wa mji huo hata leo.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino vilevile. Basi alichukua kurasa za gazeti la London la mwaka 1869, akaandika habari za kila siku juu ya maandishi yaliyopigwa chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Chombo chake kilikuwa dhaifu, lakini hakungoja kupata kilicho bora.

Tarehe 15 Julai soko la Nyangwe lilikuwa limejaa watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Watu wa msafara wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Palitokea ubishi juu ya bei ya kuku, kisha risasi zikaanza kupigwa. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana katika kijito, na waliojitupa mtoni wakapigwa risasi wakiogelea. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Dugumbe alitia watu katika mtumbwi mmoja ili kuwaopoa waliokuwa majini. Mwanamke mmoja alikataa kuopolewa, kwa kudhani kuwa angefanywa mtumwa, akaona heri kubahatisha kwa kuogelea. Livingstone aliliandika jambo hilo nalo, na lafaa kuzingatiwa, maana lafundisha kuwa mtu aliyekwisha kuonewa hawezi kuuamini kila mkono unaonyoshwa kumsaidia.

Shahidi huyo hakuwa na askari wala mamlaka. Aliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai, akafika Ujiji tarehe 23 Oktoba akiwa amedhoofika, na akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Tena alikuwa na shida nyingine ya zamani. Mwaka 1869 alikuwa ameandika barua nyingi hapo Ujiji, na chache mno zilifika pwani. Yeye aliamini kuwa wafanyabiashara walizizuia, kwa kuwa zilieleza matendo yao. Kama aliamini kweli au alikosea, shida yenyewe yaeleweka kwa urahisi: barua ya mashtaka haipewi mshtakiwa aipeleke.

Baada ya muda mfupi akafika Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mkutano wao Ujiji umesimuliwa mara nyingi kwa ajili ya salamu zao, lakini jambo kubwa zaidi lilitokea walipoachana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Siku hiyo Stanley alichukua shajara iliyotiwa lakiri pamoja na barua. Ushahidi ulikuwa umepata mchukuzi asiyekuwa na sababu ya kuuficha. Julai 1872 barua za Livingstone zikachapishwa katika gazeti hilo, mwaka mmoja baada ya mauaji.

Habari hizo ziliongeza nguvu katika jambo lililokuwa limeanza. Tangu mwaka 1871 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa imekwisha kuchunguza biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki. Sir Bartle Frere akatumwa Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873, kwa kutishwa na manowari za Waingereza, Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Livingstone hakulisikia hilo. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei. Utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo: Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Nao watu wa Nyangwe hawakuletewa msaada wowote. Ushahidi wao uliwafaa wengine.

Pana jambo jingine ambalo mwanachuoni hawezi kulipita. Maandishi ya gazetini yalififia hata yakawa hayasomeki, na kwa muda mrefu watu walitegemea nakala ambayo Livingstone aliiandika baadaye kwa utulivu, iliyochapishwa mwaka 1874. Mwaka 2011 wataalamu, kwa kupiga picha kurasa hizo chini ya mianga ya namna mbalimbali, waliweza kuyasoma maandishi ya kwanza. Ikaonekana kuwa hayalingani na nakala katika kila jambo. Maandishi ya kwanza yana maneno makali zaidi juu ya mwenendo wa watumwa waliopelekwa kwa Livingstone kutoka Zanzibar, na watafiti wameuliza kama baadhi yao walikuwamo katika ukatili wa siku zile. Shahidi mwema naye ana jina lake na watu wake wa kulinda. Kwa hiyo nakala ya kwanza yapasa kutunzwa, hata ikiwa imechafuka.

Wala tusisahau kuwa sauti ya wanawake wa soko haimo. Twawajua kwa macho ya mgeni mmoja, bila ya majina yao.

 Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya milima na ziwa kaskazini ya Kigoma, na kipindupindu kikaingia, picha zao zilionekana ulimwenguni katika muda wa siku chache. Meli ya Liemba iliwachukua mpaka Kigoma, wakapitia uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Mwendo wa habari umebadilika, lakini maswali ya Nyangwe yamebaki. Nani anachukua ushahidi, na je, ana sababu ya kuuficha? Unafika kwa mwenye uwezo wa kusaidia, au unazunguka kwa watazamaji tu? Picha ya kwanza imetunzwa pamoja na saa na mahali pake, au imekwisha kukatwakatwa? Na yule aliyepigwa picha akiwa taabuni, uso wake ukionekana na adui, atasalimika? Anayenasa msiba kwa simu amechukua amana ya watu wawili: yule atakayesaidia, ambaye yampasa kupata ukweli, na yule aliye majini, ambaye yampasa kupata sababu ya kuuamini mkono unaonyoshwa kwake.