Ziwa lilipopanda, 1961

Leo kichwa changu kimejaa upepo, mnivumilie.

Sisi wa Nyashimo, Busega, mvua ikizidi kidogo tu utasikia "El Nino hiyo!" Jina limeganda midomoni tangu mafuriko ya 1997/98. Sasa nimesoma habari za 1961, mwaka ambao wazee wetu wanautaja kila ziwa likisogea, nikakuta El Nino mwaka ule haikuwepo kabisa. Lakini vuli ilishuka Afrika Mashariki nzima, Uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba ukatukuta tumelowa. Kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Ziwa zima jamani, siyo lambo la ng'ombe! Ufukwe ukiwa tambarare, mita 2 zinakula mashamba mengi sana.

Mchawi nani? Upepo wa Bahari ya Hindi. Kwa kawaida Oktoba mpaka Desemba, upepo wa chini kwenye Ikweta unatoka upande wetu kwenda Indonesia. Unasukuma maji ya moto huko, hewa inapanda, mawingu ya radi yanajengeka juu ya Sumatra. Kisha hewa inarudi kwa juu na kushuka huku kwetu, na hewa inayoshuka inakandamiza mawingu. Ndiyo maana vuli yetu mara nyingi inasuasua. Mwaka 1961 mzunguko ukageuka: upepo ukavuma kuja huku, maji ya Sumatra yakapoa, ya kwetu yakapata joto, mawingu yakapanda kwetu.

Wavuvi watasema radi za ziwani zinaletwa na upepo wa usiku kutoka nchi kavu. Kweli, ila huo upo kila mwaka. Peke yake hauinui ziwa mita 2.

Kinachonishangaza ni muda. Mgeuko huu ulikuja kuelezwa vizuri 1999, na kundi la Saji na Yamagata, na kundi jingine la Webster. Miaka 38! Ukarudi kwa nguvu 2019, na Mei 2020 ziwa likafikia kiwango cha 1964, watu wa ufukweni wakahama.

El Nino nayo inachangia, 1997 vilikuja vyote viwili. Ila siku hizi utabiri wa vuli wa TMA ukitoka, natafuta kwanza wanasemaje kuhusu joto la Bahari ya Hindi, ndipo nampigia babu kuhusu majaruba yake ya kule ziwani.