Nani Humtembelea Nani: Historia Fupi ya Vijana wa Kujitolea

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea barua ya mwaliko niisome. Shirika la vijana la huko Ulaya lilikuwa limemkubali akae miezi sita katika mji mdogo, akisaidia kwenye makao ya wazee, na kwa kubadilishana kijana wa huko aje kufundisha michezo katika shule moja ya msingi mkoani Morogoro. Kijana wa huko alikuja. Wa kwetu alinyimwa viza, kwa maelezo kwamba hakuthibitisha kuwa atarudi nyumbani. Aliponiletea habari hiyo hakulalamika, bali aliuliza tu: "Sasa Dokta, huyu aliyekuja kwetu, nani alimwuliza kama atarudi kwao?"

Nimekaa na swali hilo kwa muda, nikaona kwamba jibu lake haliko katika ofisi ya viza peke yake. Limo katika historia ya kujitolea kwenyewe.

Mpango huu haukuanza kama msaada wa tajiri kwa maskini. Mwaka 1920, Pierre Cérésole, Mswisi aliyepinga vita, aliongoza kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwamo, kwenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, mahali palipopondwa na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jambo la msingi lilikuwa kwamba adui wa jana ashike sepetu katika ardhi aliyoiharibu. Kazi ilidumu miezi michache tu. Chuki dhidi ya Wajerumani ilikuwa bado mbichi na kikundi kikatakiwa kiondoke. Hata hivyo wazo lilibaki, nalo lilikuwa wazo la watu wanaotazamana usoni wakiwa sawa.

Miaka arobaini baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Uingereza ilianzisha VSO mwaka 1958 chini ya Alec Dickson, ikiwapeleka ng'ambo vijana waliotoka tu shuleni, wengine wakiwa na umri wa miaka 18. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy akaunda Peace Corps. Mradi wa kwanza kutangazwa ulikuwa wa Tanganyika, ingawa waliotangulia kutua Afrika walikuwa walimu waliofika Accra mwezi Agosti. Kundi letu lilikuwa la vijana 35, wapima ardhi, wajiolojia na wahandisi, walioletwa kusaidia kazi za barabara. Walifika kabla hatujapandisha bendera ya uhuru.

Sitaki kudharau hitaji hilo. Nchi iliyoachiwa wahandisi wa kuhesabika kwa vidole haikuwa na anasa ya kuchagua. Lakini tuitazame sheria ya Marekani iliyopitishwa Septemba 1961. Inataja malengo matatu: kuzipatia nchi nyingine watu wenye ujuzi, kuwafanya watu wa nchi hizo wawaelewe Wamarekani, na kuwafanya Wamarekani wawaelewe watu wengine. Malengo mawili kati ya matatu yanahusu kuelewana, na yote mawili yanatimizwa na Mmarekani akiwa safarini. Mwenyeji anabaki pale pale, aeleweke.

Ugumu wa mpango huo ulionekana mapema. Oktoba 1961, mjini Ibadan, kijana mmoja wa Peace Corps aliandika postikadi kwa rafiki yake akieleza hali duni ya maisha aliyoiona. Kadi ikaokotwa kabla ya kutumwa, ikanakiliwa, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Nadhani kilichowachoma si uongo, maana mengi aliyoyaandika yalikuwa yakionekana kwa macho. Kilichowachoma ni kugundua kwamba mgeni wao alikuwa pia mwandishi wa habari zao, nao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia habari za upande wa pili.

Hapa nyumbani mambo yalikuwa na mkunjo mwingine ambao wanaharakati wetu huusahau. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Serikali ilipoamua kwamba wasomi nao walitumikie kwa lazima, miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Mwalimu Nyerere alikasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa. Wakati huohuo vijana wa Kimarekani walikuwa wakifundisha katika shule zetu kwa posho ndogo na kusifiwa. Tusiwahukumu haraka wale wa 1966. Kijana aliyeondoka California alikuwa akijitoa katika utajiri kwa muda. Kijana aliyetoka Usukuma au Uchagga alikuwa na ukoo mzima ukisubiri mshahara wake wa kwanza. Kujitolea kunahitaji kwanza uwe na cha kutoa ambacho hakijaahidiwa wengine.

Nami nina deni katika habari hii. Katika miaka ya tisini, shule yangu ya sekondari haikuwa na mwalimu wa fizikia hadi alipokuja kijana wa kujitolea kutoka Marekani. Alitufundisha umeme kwa betri za redio na waya wa baiskeli. Bila yeye nisingefaulu somo lile. Kwa hiyo ninaposoma hotuba ya Ivan Illich ya mwaka 1968 huko Cuernavaca, Mexico, alipowaambia wanafunzi wa Kimarekani waje kutazama na kusoma lakini wasije kusaidia, nakubaliana na hoja yake karibu yote, kisha namkumbuka yule mwalimu na betri zake.

Jambo ambalo Illich hakuligusa vya kutosha ni safari ya kurudi. Mwaka 1966 Rais Johnson alipendekeza vijana wa nchi nyingine nao waende kujitolea Marekani, na mwaka uliofuata wa kwanza wakapokewa, wafanye kazi katika shule na mitaa ya maskini. Mpango huo haukudumu. Bunge la nchi hiyo halikuona sababu ya kuugharimia. Peace Corps yenyewe iliondoka Tanzania mwaka 1969, ikarejea 1979, na imeendelea. Yaani mlango mmoja ulifungwa na kufunguliwa tena, ule mwingine ulifungwa tu.

Kijana wa Ulaya alimaliza miezi yake sita Morogoro; walimu walimwaga kwa pilau, naye akawashukuru kwa Kiswahili safi. Mwanafunzi wangu ameomba viza kwa mara ya pili. Fomu inadai taarifa ya benki ya miezi sita na hati ya mali anayomiliki. Ana umri wa miaka 23 na anaishi bwenini.