Gumegume, Fataki na Masasi: Historia ya Silaha ya Kulinda Nyumba katika Kivu

Uchaguzi wa silaha ya kulinda nyumba huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni shauri la mwenye nyumba peke yake. Historia ya Kivu yaonyesha vingine. Mkulima wa Kabare, hasa wa vijiji vinavyoizunguka Lwiro, kaskazini ya Bukavu, hakupata kuchagua bunduki kwa kupima ubora wake. Kabla yake walikwisha kuchagua wafanyabiashara, mikataba na, hatimaye, vita.

Lugha imehifadhi hatua za historia hiyo. Neno bunduki lina asili ya Kiarabu: bunduq lilikuwa jina la tunda dogo lenye ganda gumu, kisha likawa la kidonge cha kurushwa, na mwishowe likazaa jina la chombo chenyewe. Risasi nayo ilikuwa kwanza jina la madini. Katika Kiswahili cha Kongo watu husema masasi. Silaha zilizopita Tabora na Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, hadi Maniema, zilikuwa kwa wingi magobori, yaani bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche ya jiwe. Ya fataki, kwa kifuniko kidogo kilicholipuka kilipogongwa.

Tofauti hiyo haikuwa ya ufundi tu. Katika nchi ya milima na mvua nyingi, baruti ya gumegume hulowa upesi. Aidha, mwenye gobori akishakupiga mara moja hana budi kusimama, kumimina baruti na kushindilia upya. Silaha ya namna hiyo haikuweza kulinda nyumba pasipo majirani. Mlio wake mmoja ulikuwa sawa na yowe: uliita watu.

Tarehe 2 Julai 1890 dola zilizokutana Brussels zilitia sahihi mkataba uliozuia kuingizwa kwa silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za kisasa, hasa zenye mtutu wa mifuo, zilikatazwa. Gumegume na baruti ya kawaida viliweza kuuzwa chini ya masharti. Hata hivyo, msafiri aliyekuwa na hati ya serikali yake, iliyothibitisha kwamba silaha ni ya kujilinda mwenyewe tu, aliruhusiwa kuwa na bunduki bora. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: haki ya kujilinda ilitajwa waziwazi, lakini kwa ajili ya mpita njia. Mwenyeji, ambaye nyumba ilikuwa yake, aliachiwa jiwe na cheche.

Dola zilitoa sababu ya kupiga vita biashara ya watumwa, na sababu hiyo haikuwa ya uwongo mtupu, kwa kuwa bunduki ziliitumikia biashara hiyo. Lakini mkataba huohuo uliyaachia majeshi ya kikoloni silaha bora. Mpango huo wa vibali uliendelea. Zaire nayo, kwa sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, ilimtaka raia awe na idhini ya kumiliki silaha.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliuvunja mpango huo pasipo kuufuta katika vitabu vya sheria. Bukavu ilitekwa mwaka huo, ikatekwa tena mwaka 2004, na tena Februari 2025. Kila mara silaha zilibaki nyuma ya majeshi. Kalashnikov, ambayo kasha lake la kawaida hubeba masasi 30, haikumhitaji jirani kama gobori lilivyomhitaji. Ndiyo maana ilifaa kwa mlinzi na kwa mwizi kwa kiasi kilekile, na nyumba iliyojulikana kuwa nayo ilikuwa na kitu kimoja zaidi cha kuporwa.

Basi yafaa swali lenyewe libadilishwe. Kabla ya kuuliza ni bunduki gani inayofaa kulinda nyumba, historia hii inataka iulizwe ni nani atakayeitika mlio wake. Katika zama za gumegume jibu lilikuwa majirani. Katika zama za kibali lilidaiwa kuwa dola. Mkulima aliyebaki bila dola na bila jirani hakuongezewa ulinzi na wingi wa masasi.