Nyumba ya babu: kutengeneza nyumba ya zamani ni kutengeneza jamaa

Hapa kwetu Masisi tunapenda kuhesabia watoto habari za vita, na tunasahau kuwaambia habari za nyumba. Lakini nyumba nayo ni kitabu. Mwenye kujua kusoma miti, udongo na manjanja atajua ni nani walipita na ni kwa wakati gani. Kwa andiko hili nataka kueleza namna tulitengeneza nyumba ya zamani pale Nyamitaba, na sababu gani kazi kama ile si ya fundi peke yake.

Zamani za mababu, nyumba ilikuwa ya muviringo: miti na mianzi iliyofungwa kwa kamba, majani juu. Haikujengwa ili idumu miaka mingi. Ikichoka, inaanguka, wanajenga ingine pembeni. Kilichodumu ni mahali: kiwanja, ndizi zilizokizunguka, na makaburi. Kwa hiyo watu hawakuuliza sana "nyumba ni ya nani?" Waliuliza "mahali ni pa nani?"

Wakati wa Wabelgiji mambo yalibadilika. Serikali ya koloni ilisukuma watu wajenge kando ya barabara, nyumba za pembe nne. Tangu 1937 mpaka 1955, kazi iliyoitwa kwa Kifaransa Mission d'Immigration des Banyarwanda ilileta makumi ya maelfu ya watu toka Rwanda katika milima yetu, juu ya udongo wa Wahunde, na wengi walifanya kazi katika mashamba ya wazungu. Mwaka 1954 watawa Watrapisti walianzisha monasteri yao kule Mokoto. Mahali pa wazungu palihitaji mbao, na mbao zilipasuliwa kwa mikono: mutu mumoja juu ya gogo, mwingine chini, na musumeno katikati yao. Babu yangu alikuwa mumoja wa wapasuaji hao, yule wa chini, anayekula unga wa mbao siku nzima. Mwaka 1958 alijenga nyumba yake mwenyewe: musingi wa mawe, kuta za mbao, manjanja juu. Kwa mara ya kwanza katika jamaa yetu mutu alijenga kitu ambacho watoto wake wangekirithi kikisimama. Na ugomvi ulianzia pale, kwa sababu majani hayagombaniwi, lakini manjanja yanagombaniwa.

Mwezi wa tatu 1993 vita viliwaka Ntoto, katika Walikale, vikafika Masisi haraka. Tulitoka na godoro na sufuria. Kisha ikaja 1994 na wakimbizi wa Rwanda, kisha vita ya 1996. Jamaa ikatawanyika: wengine Goma, wengine Rutshuru, wengine hatukuwaona tena. Nyumba ikabaki.

Mwaka 2009, kisha mapatano ya tarehe 23 mwezi wa tatu, barabara ilifunguka kidogo. Tulipanda watatu: baba mudogo, shangazi na mimi. Tulikuta mufereji wa nyuma umejaa udongo, na maji ya mvua yanaingia chini ya kuta. Mbao za chini zilioza zote. Ukizigusa kwa kidole kinaingia. Manjanja yalitobolewa kama kichungio. Lakini miti ya juu, ile inayobeba manjanja, ilikuwa mizima, myeusi kwa moshi, bila mududu hata mumoja.

Sababu ilikuwa hii: ndani mulikuwa watu. Mwanaume, bibi yake na watoto wane, wakimbizi kama sisi tulivyokuwa, na si wa kabila letu. Walipika humo miaka saba. Kila fundi wa kwetu anajua kwamba nyumba isiyo na moto inakufa. Moshi unakausha miti, unafukuza mududu. Baba mudogo hakutaka kusikia hayo. Alisema:

— Batoke leo. Leo hii!

Shangazi alikaa juu ya jiwe la mulangoni, akamujibu bila kuinua sauti:

— Nani alikuwa anawasha moto humu miaka yote hii? Ni weye?

Tulienda mbele ya barza ya wazee. Siku mbili watu walisema. Baba mudogo alisema kwamba mutoto mwanamuke hana neno juu ya nyumba ya baba. Mwalimu mumoja aliyekuwa pale alimukumbusha kwamba sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa munane 1987 inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wavulana na wasichana. Juu ya udongo, sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema udongo ni mali ya Serikali, na mambo ya udongo wa kienyeji iliyaachia amri ya Rais, ambayo watu waliingojea miaka na miaka. Kwa hiyo hati hatukuwa nayo. Tulikuwa na makaburi, na majirani waliomujua babu. Ndiyo ushahidi wa watu wengi wa kwetu, na ukigombana na majirani umeuchoma mwenyewe.

Mapatano yaliandikwa katika kaye ya shule. Wale watu wabaki katika jiko la nyuma mpaka mavuno ya maharagi na mahindi, kisha wapate kishamba cha kukodi kwa jirani. Mwanaume atasaidia kazi. Shangazi ana chumba chake mpaka kufa. Mutu asiuzishe nyumba bila wote kukubali. Wote walitia kidole. Baba mudogo alitia wa mwisho, bila kusema kitu.

Kisha tu ndipo kazi ilianza, na kazi ina utaratibu. Kwanza maji: vijana walichimba mufereji upya, maana kuweka mbao mupya juu ya maji ni kutupa makuta. Pili manjanja, ili yaliyobaki yasioze. Tatu chini: tuliinua kuta kwa magogo, upande kwa upande, tukaongeza musingi wa mawe kufika magoti, tukaweka muti mupya wa mukaratusi. Mbao zilizokuwa nzuri upande mumoja tuligeuza. Kwa nje tulipakaa mafuta machafu ya motokari kwa kuzuia mududu. Wamama walibeba maji na kukandika chumba cha ndani kwa udongo. Wale wa Goma walifanya likelemba, kila mwezi mumoja wao anatuma mufungo wa manjanja ao misumari. Watoto walinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, na hapo ndipo walisikia jina la babu yao.

Tangu pale tumekimbia tena, zaidi ya mara moja. Mwezi wa pili 2025, kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilipovunjwa, watu wengi walirudi milimani na kukuta mambo yale yale: mbao zimeoza, ao mutu mwingine ndani. Kwa hao ndio naandika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini ufa wa kwanza wa kuziba hauko katika ukuta. Uko kati ya ndugu na ndugu, na kati yetu na jirani. Anza na kaye, kisha mufereji, kisha manjanja. Na ukikuta mutu amewasha moto katika nyumba yako, mbele ya kumufukuza, angalia miti ya juu.