Cherehani za Kale: Zilivyoundwa, Zinavyokusanywa na Zinavyofufuliwa

Cherehani ya kale ni mashine ya kushonea yenye mwili wa chuma cha kusubu, inayoendeshwa kwa mkono, kwa miguu au kwa mota ndogo ya umeme. Nyingi kati ya zinazokusanywa leo ziliundwa kati ya miaka ya 1850 na 1960. Baadhi zimepita umri wa miaka 100 na bado zinashona nguo za kuvaliwa. Siri ya kudumu huko ni kwamba ziliundwa ili zifunguliwe: kila skrubu inafikiwa kwa bisibisi, na kila tundu la mafuta limewekwa mahali ambapo mtumiaji mwenyewe ataliona. Kwa sababu hiyo, anayeikusanya na kuifufua cherehani ya kale huhifadhi chombo pamoja na elimu ya kukitengeneza.

Chimbuko

Hataza ya kwanza inayojulikana ya mashine ya kushonea ilitolewa Uingereza mwaka 1790 kwa Thomas Saint, seremala wa London aliyekusudia kushona ngozi. Michoro yake ilikaa kwenye makabrasha bila kutambuliwa hadi miaka ya 1870, pale Newton Wilson, mtengenezaji wa cherehani, alipoifukua na kuunda mashine kwa kuifuata. Ilimbidi arekebishe sehemu kadhaa ndipo ishone.

Nchini Ufaransa, Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830. Karakana yake ya Paris ilikuwa na mashine zipatazo 80 zilizoshona sare za jeshi. Mafundi wa mkono walihofia kupoteza riziki, wakaivamia karakana hiyo mwaka 1831 na kuvunja mashine. Thimonnier aliendelea na utafiti wake, lakini alifariki mwaka 1857 akiwa maskini.

Hatua iliyobadilisha mambo ilipigwa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Walter Hunt wa New York alitumia sindano yenye tundu karibu na ncha, pamoja na uzi wa pili uliotoka chini ya kitambaa. Hakuchukua hataza. Elias Howe, aliyefikia wazo kama hilo baadaye, aliipata tarehe 10 Septemba 1846. Tarehe 12 Agosti 1851, Isaac Merritt Singer naye alipewa hataza ya mashine yenye sindano iliyosimama wima na mguu wa kubana kitambaa. Allen B. Wilson ndiye aliyebuni meno yanayopanda, kusukuma kitambaa mbele, kushuka na kurudi nyuma. Mwendo huo wa hatua nne bado umo katika karibu kila cherehani.

Namna mshono unavyofungwa

Sindano hushuka na uzi wa juu hadi chini ya kitambaa. Inapoanza kupanda, uzi hulegea kidogo na kufanya kitanzi. Hapo ndipo shato, iliyobeba uzi wa chini, hupita ndani ya kitanzi hicho. Sindano ikishapanda, nyuzi mbili hukazana katikati ya kitambaa. Mshono ukipangwa sawasawa, pande zote mbili hufanana, na uzi ukikatika mahali pamoja mstari mzima haufumuki.

Katika mashine za awali shato ilikwenda mbele na nyuma, au kwenye tao fupi, ikiwa na umbo la mtumbwi mwembamba. Baadaye zikaja bobini za mviringo za kubeba uzi wa chini, zinazokaa ndani ya kesi zake. Tofauti hii ni muhimu kwa mkusanyaji, kwani ndiyo inayoamua vipuri gani vitatafutwa.

Kesi, mikopo na viwanda

Howe aliwashitaki waliotumia wazo lake bila ruhusa, akashinda mwaka 1854. Kwa kuwa kila mtengenezaji alishika hataza ya sehemu fulani, hakuna aliyeweza kuuza mashine kamili bila kugombana na mwenzake. Mwaka 1856 kampuni za Singer, Wheeler & Wilson na Grover & Baker ziliungana na Howe kuchangia hataza zao, na watengenezaji wengine wakalazimika kulipa ada. Muungano huo ulidumu hadi 1877. Baada ya hapo ushindani ukapanuka na bei zikashuka.

Mwaka huohuo wa 1856, Edward Clark, wakili na mshirika wa Singer, alianzisha mpango wa mteja kuchukua cherehani na kuilipa kidogo kidogo kila mwezi. Mashine iliyogharimu karibu dola 100, fedha ambazo familia ya kawaida ilikuwa nadra kuzishika kwa mkupuo, ikaingia majumbani. Faida yake ilionekana mara moja: katika majaribio ya wakati huo, shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono lilikamilika kwa saa moja na dakika chache.

Singer ilijenga kiwanda kikubwa cha Kilbowie, mjini Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa katika miaka ya 1880. Mwaka 1913 kilisafirisha cherehani zaidi ya milioni 1.3. Kilikuwa na stesheni yake ya reli na mnara wa saa ulioonekana kutoka mbali. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980 na majengo yakabomolewa, ila stesheni bado inaitwa Singer, na makumbusho ya mji huo yanahifadhi mkusanyiko mkubwa wa mashine.

Afrika Mashariki ilipokea cherehani hizi kupitia biashara ya bandarini. Fundi aliyeketi barazani au mbele ya duka la vitambaa, akipinda kanga na kushona kanzu, akawa sehemu ya mitaa ya miji ya pwani na ya bara. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani, kisha vya China, viliiga kwa wingi mashine ya Singer ya daraja la 15, yaani aina ya 15. Cherehani nyeusi ya Butterfly kutoka Shanghai, inayojulikana sana kwa mafundi wa Afrika Mashariki, ni ya ukoo huo.

Kutambua na kukusanya

Mkusanyaji huanza na namba. Cherehani ya Singer ina namba iliyogongwa kwenye kitako chake, na tangu mwaka 1900 namba hiyo hutanguliwa na herufi. F na Y ni miongoni mwa herufi za Clydebank, na G ni ya Elizabeth, New Jersey. Orodha za kiwanda huonyesha tarehe ambayo kundi la namba lilitengwa, hivyo mwaka wa mashine hujulikana kwa ukaribu mkubwa.

Baada ya namba hutazamwa daraja. Daraja la 27 na la 28 hutumia shato ndefu. Daraja la 66 lina bobini inayodondoshwa kwa juu. Daraja la 201 husifiwa kwa mshono wake, na la 221, lililotolewa mwaka 1933, lina uzito wa takriban kilo 5 na hupendwa na washonaji wa mablanketi ya viraka. Nakshi za rangi ya dhahabu, kama zile zenye picha ya Sphinx wa Misri, nazo huongeza hadhi ya mashine.

Umri peke yake haupandishi bei. Singer zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi huuzwa kwa fedha kidogo. Zinazotafutwa ni mashine za kampuni zilizodumu muda mfupi, na zile za miaka ya 1850 na 1860. Uvumi umewahi kuwatia watu hasara: Aprili 2009 ulienea Saudi Arabia uzushi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa. Bei zikaruka hadi makumi ya maelfu ya riyali kwa mashine moja. Zebaki hiyo haikuwamo.

Kufufua

Kazi ya kwanza ni kuzungusha gurudumu la mkono polepole. Likikataa, halilazimishwi. Mara nyingi sababu ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi, na kutu huwa kidogo kuliko inavyodhaniwa. Mafuta ya taa au mafuta mepesi ya kupenyeza hudondoshwa kwenye kila kiungo, kisha mashine huachwa ilowe. Joto la kikausha nywele husaidia. Zoezi hili hurudiwa hata kwa siku kadhaa.

Mashine ikishazunguka, vipande hufunguliwa kimoja kimoja na kupangwa kwa mfuatano. Pamba na vumbi hutolewa chini ya meno, kwenye kesi ya bobini na kati ya visahani vya kukaza uzi. Kisha kila sehemu inayosuguana hutiwa mafuta safi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu huganda. Mpira wa kujazia bobini na mkanda wa ngozi hubadilishwa. Katika mashine ya umeme, waya zilizopasuka ganda ni hatari na lazima zitolewe kabla ya kuunganisha umeme.

Uso wa mashine huhitaji uangalifu zaidi. Nakshi nyingi zimefunikwa na shelaki, ambayo huyeyushwa na spiriti. Kitambaa kimoja chenye spiriti huweza kufuta pambo la miaka 100 kwa dakika chache. Uso huo husafishwa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani. Kupaka rangi upya huacha mashine ikimetameta, lakini hufuta ushahidi wa asili yake, hivyo wahifadhi makini huepuka kufanya hivyo.

Sindano za kawaida za leo huingia katika madaraja mengi ya Singer, yakiwamo la 15, 27, 28, 66 na 201. Daraja la 12 la karne ya 19 hutumia sindano yake, ambayo ni adimu, kwa hiyo mnunuzi hupaswa kuiulizia kabla ya kulipa.

Mashine zinazofufuliwa haziishii kabatini. Shirika la hisani la Tools for Self Reliance la Uingereza limetumia watu wa kujitolea kukarabati cherehani zilizotumika na kuzituma Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa wanaojifunza ufundi. Cherehani za mkono na za miguu hufaa zaidi pale ambapo umeme haujafika au hukatika mara kwa mara.

Mwenye cherehani kuukuu nyumbani na asiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuisoma namba na kujaribu kuizungusha. Aweke shato, bobini na miguu ya kubana kitambaa mahali pamoja na mashine, kwa sababu vipande hivyo vidogo ndivyo hupotea kwanza. Kisha aite fundi mzee amwonyeshe kijana namna inavyofunguliwa.