Daftari la Simu: Mawasiliano ya Dharura Busia na Tororo, Januari 2008

Utangulizi

Tukisikia mtu akitaja mawasiliano ya dharura, wengi wetu hufikiria nchi iliyobomoka: minara ya simu imeanguka, nyaya zimekatika, na wageni wanashuka kwenye ndege wakiwa na vifaa vya setilaiti. Mara nyingi hali huwa hivyo kweli. Lakini Januari 2008, katika mpaka wa Kenya na Uganda, minara ilikuwa imesimama. Ukiwa Busia, mitandao ya nchi mbili ilishika katika simu moja. Hata hivyo, maelfu ya watu walivuka mpaka huo bila kujua kama jamaa zao walikuwa hai, na waliokuja kuwahudumia walilazimika kuanza na swali gumu: nani yuko wapi?

Hoja yangu katika insha hii ni kwamba mtandao wenyewe haukukatika. Kilichokatika ni mambo yanayoufanya mtandao umfae mtu: salio, njia ya kuvusha ujumbe mpakani, na zaidi ya yote, imani. Nimetegemea habari zinazojulikana za kipindi hicho pamoja na chanzo kimoja cha nyumbani. Mama yangu alikuwa na kibanda cha simu ya jamii upande wa Kenya wa mji wa Busia. Mimi nilikuwa darasa la pili. Daftari lake la mwaka huo bado analo, na alinikubalia nilisome kwa sharti kwamba nisiandike namba ya mtu yeyote.

Mpaka na njia zake za habari

Mpaka huu si wa kale. Hadi mwaka 1902 eneo lote la magharibi mwa Kenya, pamoja na Kisumu, lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia upande wa pili kwa kalamu tu. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu katika nchi mbili, na mpaka leo harusi na matanga ya watu hawa hayaulizi pasipoti. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilipitia Tororo, na kwa miaka mingi simu na posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo la posta na simu nalo liligawanywa. Kuanzia hapo, mtu wa Busia aliyetaka kumpigia ndugu yake aliyeko umbali wa kilomita mbili alikuwa anapiga simu ya nchi za nje.

Watu wa mpakani walijitafutia njia. Inajulikana kuwa neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, pale waendesha baiskeli walipowavusha abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Baiskeli hizo zilibeba watu na magunia, na zilibeba habari pia. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha huduma ya One Network, iliyomwezesha mteja wa Kenya, Uganda au Tanzania kupiga simu katika nchi yoyote kati ya hizo kwa bei za wenyeji. Kwa hiyo, dharura ilipotokea mwaka 2008, mpaka ulikuwa na mitambo ya kisasa na baiskeli kwa wakati mmoja. Vyote viwili vilihitajika.

Januari 2008

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Vurugu zikaenea. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililokuwa na watu waliokimbilia usalama huko Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto. Tume iliyochunguza vurugu hizo, iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliandika kuwa watu 1,133 waliuawa. Mamia ya maelfu walihama makwao.

Wengi walikimbilia ndani ya Kenya yenyewe. Wengine, hasa Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara magharibi mwa nchi na katika Bonde la Ufa, walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. UNHCR ilikadiria idadi yao kuwa takriban 12,000. Walilala kwa jamaa na marafiki, makanisani na katika shule. Kwa kuwa shule zilitakiwa kufunguliwa, serikali ya Uganda, UNHCR na Msalaba Mwekundu wa Uganda waliwapeleka wengi kwenye kituo cha muda cha Mulanda, wilayani Tororo. Waliobaki baadaye walihamishiwa Kiryandongo, mbali na mpaka.

Kuna jambo moja ambalo watafiti wa wakimbizi wakati mwingine hulipita haraka, nalo ni mafuta. Petroli na dizeli za Uganda zilikuja kwa barabara kutoka Kenya. Barabara zilipowekwa vizuizi, na reli ikang'olewa kule Kibera, Uganda ilikumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Jenereta hutumia mafuta, na minara mingi ya simu vijijini ilitegemea jenereta. Gari la misaada halitembei kwa maji. Kwa hiyo dharura ya Kenya iliwabana hata waliokuwa wakijaribu kuitibu kutoka upande wa pili.

Vifaa vya wafanyakazi wa misaada

Mfanyakazi wa misaada anahitaji mawasiliano kwa sababu tatu. Kwanza, usalama wake: lazima ofisi ijue gari limefika wapi. Pili, kazi: mahema, chakula na dawa huagizwa kwa idadi ya watu, na idadi hubadilika kila jioni. Tatu, uratibu, ili mashirika mawili yasipeleke blanketi mahali pamoja huku watoto wa mahali pengine wakilala kwenye sakafu.

Kufikia mwaka 2008 ulimwengu ulikuwa umejenga taratibu za jambo hili. Mkataba wa Tampere, uliopitishwa nchini Finland mwaka 1998, ulianza kutumika tarehe 8 Januari 2005. Lengo lake ni kupunguza vikwazo vya leseni, ushuru na masafa ya redio pale vifaa vya mawasiliano vinapoingizwa nchini wakati wa maafa. Kabla ya mkataba huo, simu ya setilaiti ingeweza kukaa forodhani wiki nzima huku watu wakifa. Mwaka 2005 huohuo Umoja wa Mataifa ulianza kuyapanga mashirika katika makundi ya kazi, na mojawapo likawa la mawasiliano ya dharura. Uganda, kwa sababu ya vita vya kaskazini, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutumia mpango huo.

Vifaa vya kawaida vya wakati ule vilikuwa redio za masafa marefu zilizofungwa kwenye magari meupe, zile zenye antena ndefu inayoyumba. Simu za upepo za mkononi. Simu za setilaiti. Na kifaa cha intaneti ya setilaiti chenye ukubwa wa kompyuta ya mkononi. Tukumbuke kuwa Afrika Mashariki haikuwa bado na kebo ya intaneti ya chini ya bahari. Ya kwanza kuanza kutoa huduma, SEACOM, ilianza Julai 2009. Kwa hiyo hata kibanda cha intaneti mjini Tororo kilitegemea setilaiti. Tofauti ya mfanyakazi wa misaada na mwananchi haikuwa kwamba mmoja alitumia anga na mwingine ardhi. Tofauti ilikuwa nani analipa bili.

Daftari

Sasa nirudi kwenye daftari. Lina mistari minne iliyochorwa kwa rula: jina, namba, dakika, shilingi. Desemba 2007 kurasa zimejaa vizuri. Kuanzia tarehe 31 Desemba mambo matatu yanabadilika.

Badiliko la kwanza liko katika safu ya dakika. Simu zinakuwa fupi mno, nyingi za dakika moja. Mama anaeleza kuwa kadi za salio ziliadimika, kwa sababu magari ya kuzileta hayakupita na maduka yalifungwa. Kadi ya shilingi 100 iliuzwa kwa 150. Mtu alilipia dakika moja, akauliza "Mko salama?", akakata. Wenye jamaa mijini walitumiwa salio kutoka simu hadi simu. Wengine walitumiwa pesa kwa M-Pesa, iliyokuwa haijatimiza mwaka mmoja, lakini aliyekwisha vuka alikuwa ameingia nchi ambayo haikuwa bado na huduma ya pesa kwa simu. Uganda iliipata mwaka 2009.

Badiliko la pili liko katika safu ya shilingi. Mahali pengi pameandikwa "bado", na kuanzia tarehe 5 Januari panaanza kuonekana neno "bure". Nilimuuliza mama kama alizipiga hesabu za hasara yake. Alinijibu, "Mwanangu, ungemwambia nini mtu asiyejua mtoto wake yuko wapi? Kwamba amebakiza shilingi nane?"

Badiliko la tatu ndilo lililonifanya niandike insha hii. Kuanzia tarehe 3 Januari safu ya majina ni tupu. Namba zipo, dakika zipo, majina hayapo. Mwanzoni nilidhani ni haraka ya kazi. Mama akasema hapana. Vijana walikuwa wakipita kuuliza nani anaishi wapi, na katika nchi yetu jina hutaja kabila kabla mtu hajafungua mdomo. Daftari lenye majina lilikuwa limegeuka kuwa orodha. Aliacha kuandika, akawa anayashika kichwani.

Jirani yetu aliyekuwa akiuza nafaka alivuka usiku na watoto wawili. Mumewe alikuwa safarini upande wa Eldoret. Alimwachia mama neno moja tu: "Akipiga, mwambie tuko kwa wenzetu." Alipiga siku ya kumi na moja, kwa simu ya mtu mwingine, na salio likaisha katikati ya salamu. Mama alikuwa amebakiza salio la dakika moja. Akampigia, akamsomea ujumbe huo, na kesho yake akamtuma mwendesha bodaboda anayemwamini avuke kwenda kumwambia mke kuwa mume yuko hai. Mwendesha baiskeli alimkosa Busia. Walikuwa wamekwisha pelekwa Mulanda. Ilichukua siku nne zaidi. Kwa ramani, njia yote hiyo si ndefu, na simu ilishika mahali pote.

Simu ni ya nani?

Mkasa huo unanirudisha kwenye historia pana. Shirika la Télécoms Sans Frontières lilianzishwa mjini Pau, Ufaransa, mwaka 1998. Waanzilishi wake walikuwa wamepeleka misaada kwenye kambi za wakimbizi Wakurdi na kwingineko, na waliona kuwa watu waliokosa karibu kila kitu waliwapa vikaratasi vyenye namba za simu, wakiwaomba wawapigie jamaa zao. Wakanunua simu ya setilaiti. Tangu hapo shirika hilo huwapa waathirika simu ya bure ya dakika tatu popote duniani, na huyafungulia mashirika mengine vituo vya intaneti.

Kwa hiyo, kwa shirika hilo, kazi hii ilianza na mkimbizi mwenyewe. Lakini mfumo mkubwa wa kimataifa uliojengwa baadaye uliitazama kwanza ofisi: redio, usalama wa wafanyakazi, intaneti ya mikutano. Silaumu hilo moja kwa moja, kwa maana dereva aliyepotea hawezi kufikisha unga. Ila ni mwaka 2015 tu ndipo kundi la mawasiliano ya dharura lilipoweka wazi katika mkakati wake kwamba jamii zilizoathirika nazo zihudumiwe, si mashirika peke yake. Mtu wa Busia angeweza kuwaambia hivyo mapema zaidi.

Huenda msomaji akasema kibanda kimoja hakithibitishi historia ya eneo zima. Ni kweli. Daftari haliwezi kunionyesha yaliyotokea Malaba au ndani ya Mulanda. Linachonionyesha ni aina ya tatizo: penye mtandao, kikwazo kinaweza kuwa shilingi hamsini za salio, au hofu ya kutaja jina. Matatizo hayo hayatatuliwi kwa kifaa kipya cha setilaiti. Yanatatuliwa kwa kumpa mtu salio, chaji, na mahali ambapo jina lake litalindwa.

Hitimisho

Makubaliano ya amani yalitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008. Katika daftari, majina yanarejea polepole mwezi Machi, kwanza moja moja, kisha ukurasa mzima. Nafikiri huo ni ushahidi wa amani ulio sawa na saini za wakubwa: mwenye kibanda ameona sasa ni salama kuandika nani amempigia nani.

Wanaoandaa mawasiliano ya dharura katika mipaka yetu wana haki ya kuuliza mnara uko wapi na masafa gani yako wazi. Waulize pia ni nani katika mtaa huo watu humwachia ujumbe. Jirani yetu hakurudi kuishi Busia. Alipita mwaka uliofuata, akasalimia, akataka kulipa deni la simu. Mama alifungua daftari, akamwonyesha safu ya majina ilivyo tupu, akamwambia hana deni kwa kuwa jina lake halimo.