Mkanda wa Jeshi Usoni: Historia ya Uchungu Unaobaki

Leo tunauliza: malengelenge ya mkanda wa jeshi yamekauka usoni, mbona nyanya bado anahisi moto, hata leso ikimgusa shavuni analia?

Jibu lilichukua miaka mingi. Mnamo 1892 daktari Bókay wa Budapest aliona watoto wakipata tetekuwanga baada ya kukaa na mtu mwenye mkanda wa jeshi. Mwaka 1965 daktari Hope-Simpson wa Uingereza akaeleza kwamba virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini. Hulala katika mishipa ya fahamu, na kinga ikipungua kwa uzee au ugonjwa, huamka na kuujeruhi mshipa. Ngozi hupona, lakini mshipa huendelea kuuma.

Kwetu Gusii, maumivu ya kichwa hayakudharauliwa. Ababari emetwe, waganga wa jadi, walipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la aliyeumia kichwa na kukosa nafuu. Lakini uchungu huu haumo katika mfupa wala jino. Kung'oa meno hakuuondoi.

Amitriptilini ilikuwa dawa ya huzuni nzito. Mwaka 1982 madaktari wa Kanada walionyesha kwamba inapunguza uchungu huu. Hutolewa kidogo kidogo, usiku, na nafuu huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo mgonjwa asikate tamaa baada ya siku mbili. Daktari aambiwe kama ana ugonjwa wa moyo. Gabapentini, dawa ya kifafa, pia husaidia.

Tangu miaka ya 1980 mkanda wa jeshi ulihusishwa na UKIMWI, na wengi walijificha nyumbani kwa aibu. Si kila anayeupata ana virusi hivyo. Hata hivyo, kupimwa ni vyema. Mwaka 2006 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Kujificha ndiko hatari. Dawa ya asaikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku 3. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa uso, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa yakiwa kwenye paji au pua, maana jicho laweza kupofuka. Aliyebaki na uchungu apelekwe hospitali ya rufaa ya Kisii au Nyamira, na daktari aambiwe kwamba aliugua mkanda wa jeshi.

Mama, usimwambie nyanya anajisingizia. Uchungu wake ni wa kweli, na una dawa.